Dola ya Fedha Iliyogeuka Rangi: Namna ya Kuipa Daraja na Kuisoma Rangi Yake

Weka chini hiyo ndimu kwanza. Weka na majivu, na dawa ya meno, na kile kitambaa cha kung'arishia vikuku vya harusi. Kama umepata dola ya zamani ya fedha, iwe ya urithi, ya zawadi au ya kununua, na imegeuka manjano, zambarau au nyeusi, usiipake wala kuisugua kwa kitu chochote mpaka umalize kusoma hapa. Wengi wetu tumelelewa tukijua kuwa fedha safi ni fedha nyeupe. Kwa sinia na birika ni kweli. Kwa sarafu ni hasara, maana thamani yake imo kwenye ngozi ya juu, na ngozi hiyo ikishasuguliwa hairudi.

Nitashika dola moja tu, ile ya Marekani iitwayo Morgan, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa wingi kuliko dola nyingine za zamani, ndiyo inayogeuka rangi kwa uzuri zaidi, na ndiyo inayoghushiwa sana. Ukiielewa hiyo, dola ya Peace iliyoifuata haitakusumbua, na hata reale zetu za pwani, zile sarafu kubwa za fedha za zamani, utaziangalia kwa jicho jingine.

Ijue sarafu iliyo mkononi

Dola ya Morgan ilipigwa chapa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha mwaka mmoja tu wa 1921. Jina ni la mchongaji, George T. Morgan, Mwingereza aliyeajiriwa na kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Upande wa mbele kuna kichwa cha mwanamke anayetazama kushoto, amevaa kofia na utepe wenye neno LIBERTY, na amezungukwa na nyota 13. Upande wa nyuma kuna tai aliyekunjua mbawa, ameshika mishale na tawi la mzeituni.

Ina gramu 26.73 na upana wa milimita 38.1. Sehemu 90 kwa 100 ni fedha, 10 zilizobaki ni shaba, kwa hiyo ndani yake kuna gramu 24 na ushee za fedha tupu. Hata dola iliyosagika kabisa ina thamani ya fedha hiyo.

Geuza upande wa tai, tazama chini ya shada la majani, juu kidogo ya herufi D na O za neno DOLLAR. Hapo ndipo penye alama ya kiwanda. Pakiwa patupu ni Philadelphia, O ni New Orleans, S ni San Francisco, CC ni Carson City, na D ni Denver, ambako dola hii ilipigwa mwaka 1921 peke yake. Carson City ilipiga dola hizi 1878 hadi 1885, ikanyamaza, ikarudi 1889 hadi 1893. Mtu akikuonyesha dola ya Morgan ya 1887 yenye CC, au ya mwaka wowote kati ya 1905 na 1920, mshukuru na umrudishie. Haikuwahi kupigwa. Kuna pia Morgan mpya zilizoanza kutolewa 2021. Hizo ni halali, lakini ni za fedha karibu tupu na si za zamani.

Kwa nini dola za miaka ya 1880 zinapatikana leo kana kwamba zimetoka kiwandani jana? Kwa sababu nyingi hazikupita mikononi mwa watu. Sheria ya 1878 iliilazimu serikali ya Marekani kununua fedha ya migodi kila mwezi na kuigeuza dola, ilhali wananchi hawakuzitaka mfukoni kwa uzito wake. Zikajazwa kwenye mifuko ya turubai, dola 1,000 kila mfuko, zikalazwa ghalani. Mwaka 1918 sheria nyingine ikaruhusu kuyeyushwa, na zaidi ya milioni 270 zikaingia tanuruni. Zilizobaki ziliendelea kulala hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walipopanga foleni kutoa noti na kupewa dola hizo, mpaka serikali ikasitisha mwaka 1964. Dola za Carson City zilizokuwa zimesalia, karibu milioni 3, ziliuzwa kwa umma kati ya 1972 na 1980.

Shika habari ya mifuko hiyo. Mikwaruzo na rangi za sarafu hizi zimetoka humo kwa sehemu kubwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha si ya bandia

Mizani ya sonara inayosoma sehemu za gramu itakusaidia kuliko macho. Dola ambayo haijatumika iwe ndani ya sehemu moja ya kumi ya gramu kutoka 26.73. Iliyotumika sana huweza kupungua kidogo zaidi. Ukiona 24 au 22, ni bandia. Sumaku nayo isinase hata kidogo.

Bandia nyingine zina uzito sahihi. Kwa hizo kuna kipimo cha maji, ambacho nakipenda kwa sababu hakidanganyi kirahisi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha funga sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe bila kugusa pande wala sakafu ya kikombe. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha ya 90 kwa 100 hutoa karibu 10.3, maana yake mizani ionyeshe kama gramu 2.6. Ukipata 2.9 au 3.1, umeshika shaba nyeupe iliyopakwa. Fanya hivi kwa sarafu iliyotumika tu. Dola yenye mng'ao kamili na rangi nzuri usiifunge uzi wala kuizamisha. Hiyo ipime uzito, itazame kwa lenzi, ukiwa bado na shaka mpelekee mjuzi.

Hatua ya pili: taa moja, mkono mmoja

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Taa ndefu za mrija, zile za ofisini, humwaga mwanga kutoka kila upande na kuzima mng'ao wa fedha. Zima taa zote chumbani, washa taa moja ya mezani yenye globu ya kawaida au LED ndogo kali, na keti ili mwanga ukujie kutoka juu kidogo. Tandika taulo au kitambaa kinene mezani ili sarafu ikiponyoka isiumie. Nawa mikono, ikauke kabisa. Shika sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, usiguse uso wake. Alama ya kidole kwenye fedha huonekana miaka mingi baadaye, kila mstari wake.

Lenzi ya kukuza mara 5 inatosha, ya mara 10 iwe ya kuchunguza sehemu uliyoitilia shaka. Anza bila lenzi. Wanaotoa madaraja kwa kazi huangalia sarafu nzima kwa macho kwanza, na wewe fanya hivyo, kwa sababu chini ya lenzi kila mkwaruzo huonekana kama bonde la ufa.

Hatua ya tatu: imetumika au haijatumika?

Kipimo kinachotumika ni cha namba 1 hadi 70. Alikiweka William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba za zamani za Marekani, baadaye kikachukuliwa kwa sarafu zote. Kampuni za PCGS na NGC, zilizoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, ndizo zilizokieneza kwa kufungia sarafu kwenye vibao vya plastiki vyenye namba. Kuanzia 60 hadi 70, zenye herufi MS, ni sarafu ambazo hazikutumika. AU, kati ya 50 na 58, ni zilizoguswa kidogo. Chini yake ni EF za 40 na 45, kisha VF, F, VG na G, kila moja ikiwa imechakaa kuliko iliyotangulia.

Swali linalohamisha pesa nyingi ni moja tu: je, dola hii iko juu ya 60 au chini yake? Mwisho wa AU58 na mwanzo wa MS hutengana kwa msuguano mdogo mno, na una mahali pake. Tazama sehemu zilizoinuka: nywele juu ya sikio, nywele juu ya jicho, shavu, na vipeo vya majani ya pamba kwenye kofia. Upande wa tai tazama manyoya ya kifua, miguu, na ncha za juu za mbawa. Chuma kinachoinuka ndicho kinachosugua meza na mifuko ya suruali.

Lakini usihukumu kwa ubapa peke yake. Dola nyingi za New Orleans ziligongwa kwa nguvu kidogo, na nywele zake juu ya sikio zilitoka bapa kiwandani. Za 1892 zenye O ni maarufu kwa kasoro hiyo. San Francisco ya 1880, 1881 na 1882 waligonga vizuri hata manyoya ya kifua yanahesabika. Sasa utajuaje kama ubapa ni wa kiwandani au wa kuchakaa? Inamisha sarafu polepole chini ya taa. Ubapa wa kiwandani bado unang'aa na mwanga unapita juu yake bila kukatika. Ubapa wa kuchakaa una kijivu butu, na mwanga ukifika hapo unazimika kisha unawaka tena upande wa pili. Rudia kwenye shavu. Fanya kwa dola kumi na jicho litaanza kukuambia kabla ya akili.

Kwa zilizochakaa zaidi kazi ni nyepesi. EF bado ina nywele karibu zote na mabaki ya mng'ao yaliyojificha kuzunguka herufi. Kwenye VF nywele zimeanza kuungana. Kwenye F zilizo juu ya sikio zimekuwa bamba moja, ingawa LIBERTY inasomeka. G ni umbo tu na maandishi.

Hatua ya nne: mng'ao

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipotapeliwa. Dola yangu ya kwanza ilikuwa ya 1884 yenye O, nyeupe pee, na muuzaji wa duka dogo aliniapia kuwa imetoka mfukoni mwa benki haijaguswa. Niliitunza kama mboni. Miaka mitatu baadaye nilimwonyesha mzee mmoja wa Unguja aliyekuwa akikusanya reale tangu ujana wake. Aliiinamisha chini ya taa, akaizungusha mara mbili, akanirudishia.

"Hii imeoshwa, mwanangu."

"Umejuaje, mzee wangu?"

Akatoa yake mfukoni, akaziweka pamoja kwenye viganja, akaniambia nisitazame sarafu, nitazame mwanga. Kwenye ya kwake mwanga ulikuwa umejigawa mikanda miwili, na alipozungusha mkono mikanda ile ilizunguka uso wa sarafu kama spoki za baiskeli inayotembea. Kwenye yangu mwanga ulikaa pale pale, bapa, mweupe kama karatasi.

Hiyo ndiyo siri nzima ya mng'ao. Chapa inapogonga kipande cha fedha, chuma hutiririka kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha vijistari vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijistari hivyo ndivyo vinavyogawa mwanga na kuufanya uzunguke. Ukisugua unavikata. Ukitumbukiza sarafu kwenye dawa za kuondoa weusi, dawa hula ule weusi pamoja na vilele vya vijistari, na ukirudia mara mbili tatu vinaisha. Fedha inabaki nyeupe lakini haina uhai. Na kama ilisuguliwa kwa kitambaa, utaona nywele nyembamba za mikwaruzo zote zikielekea upande mmoja, au zikizunguka kama mtu aliyekuwa akipangusa sahani.

Sarafu ya namna hiyo hairudishwi na chochote. Kampuni za madaraja huiandika kuwa imesafishwa na kuinyima namba kamili, na bei yake hushuka hata kama haijawahi kutumika siku moja.

Hatua ya tano: alama za mfuko

Mfuko wenye dola 1,000 una uzito wa karibu kilo 27. Ulitupwa sakafuni, ukaburutwa, ukafunguliwa kuhesabiwa na kufungwa tena, na dola zikagongana humo ndani kwa miongo minane. Kwa hiyo dola isiyotumika bado huwa na majeraha, na daraja ndani ya MS linategemea majeraha hayo yako wapi.

Shavu la mwanamke yule ni pana, laini, limekaa mbele kabisa. Mkwaruzo mmoja hapo unaumiza kuliko mitano ndani ya nywele. Baada ya shavu, tazama uwanja mtupu ulio mbele ya uso. MS60 hadi 62 imejaa alama au mng'ao wake umefifia. MS63 ni ya kawaida, alama zinaonekana bila kutafutwa. MS64 ina shavu zuri lenye alama chache ndogo. MS65 inakufanya utafute alama, na mng'ao wake umekamilika. Juu ya hapo idadi hupungua haraka. Upande wa mbele ndio unaobeba uzito, na ule wa tai mara nyingi hushusha daraja tu ukiwa mbaya kuliko wa mbele.

Jitolee daraja lako kabla ya kutazama namba yoyote iliyoandikwa, uliandike kwenye daftari, kisha linganisha. Ukiona namba kwanza, jicho lako litatafuta sababu za kukubaliana nayo.

Hatua ya sita: rangi

Sasa tumefika. Nimeiweka rangi mwisho kwa makusudi, kwa sababu rangi huteka moyo, na mtu akishatekwa hahesabu tena mikwaruzo ya shavuni.

Fedha haishiki kutu kama chuma. Inachokamata ni salfa iliyomo hewani, kwenye karatasi, kwenye kitambaa. Salfa ikikutana na uso wa fedha hujenga utando wa salfaidi ya fedha, mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja ni mnene mara mamia au hata maelfu kuliko utando huo. Utando wenyewe hauna rangi ya buluu wala zambarau. Mwanga hudunda juu ya utando na pia chini yake, miale hiyo miwili hukutana, na rangi nyingine huzimana nyingine hubaki. Ni jambo lile lile unaloliona kwenye dimbwi la mvua lililodondokewa na mafuta ya gari.

Kwa kuwa rangi inatokana na unene, hufuatana kwa mpangilio maalumu. Inaanza manjano hafifu, inakuwa dhahabu, kisha rangi ya asali, kahawia nyekundu, damu ya mzee, zambarau, buluu iliyokolea, halafu samawati. Utando ukizidi kunenepa manjano hurudi, ikifuatwa na waridi na kijani, na mwisho huja kijivu kizito na weusi. Utando hauruki hatua. Kwenye sarafu iliyogeuka yenyewe, kati ya fedha nyeupe na buluu lazima upite kwenye manjano na zambarau, hata kama kila moja ni mstari mwembamba kama uzi. Kariri mpangilio huo kabla hujanunua dola yoyote ya rangi.

Mahali sarafu ilipolala nako huacha saini. Dola iliyokuwa mfukoni ikiwa imefunikwa nusu na mwenzake hugeuka rangi pale palipoachwa wazi tu, na mpaka wake hutoka kama hilali iliyochongwa kwa bikari. Iliyolalia turubai hubeba alama ya mfumo wa kitambaa, vijimraba vidogo vya nyuzi vilivyochapwa kwa rangi. Iliyokaa mwisho wa mrundo uliofungwa kwa karatasi hugeuka upande mmoja, wa pili ukabaki mweupe. Na ile iliyopangwa miaka mingi kwenye albamu ya kadibodi hugeuka kuanzia ukingoni kuja katikati, pete ndani ya pete.

Niliwahi kushika ya 1881 yenye S ambayo sitaisahau. Theluthi mbili za uso zilikuwa nyeupe. Kutoka nyuma ya kofia hilali ilianza kwa manjano ya ganda la limau, ikaingia dhahabu, ikaingia damu ya mzee, na pembezoni kabisa, juu ya nyota za kulia, ilikuwa buluu ya bahari ya kina. Nilipoizungusha, mikanda ya mwanga ilipita kutoka kwenye weupe hadi kwenye buluu bila kukatika. Na kuzunguka kila nyota kulikuwa na mstari mwembamba ambao rangi yake ilikuwa nyuma kidogo ya jirani yake, kana kwamba nyota imeisukuma rangi isiisogelee. Mstari huo ni ushahidi mzuri wa kugeuka polepole. Turubai hulala juu ya nyota na herufi na haifiki vizuri chini ya mabega yake.

Kuitambua rangi ya kubandikwa

Dola ya rangi nzuri huweza kuuzwa mara kadhaa zaidi ya nyeupe ya daraja lile lile, na penye pesa hapakosi wenye kemikali na tanuri. Nimeona nyingi. Mara nyingi kinachoziumbua ni mpangilio: buluu kali na waridi vimetua moja kwa moja juu ya fedha nyeupe, manjano hayapo. Nyingine rangi imekusanyika kwenye vibonde vya herufi kama maji yaliyotuama, au ina ukingo wa tone lililokauka, au imeenea sawasawa pande zote mbili kana kwamba imechovywa, na kweli imechovywa.

Tazama na mng'ao. Rangi ya kweli imo ndani ya mng'ao, mwanga unazunguka pamoja nayo. Ya kubandikwa huelea juu kama rangi ya kucha. Kisha tafuta mikwaruzo chini yake. Sarafu iliyosuguliwa ikaharibika mara nyingi hupakwa rangi ili kuficha, na ukiinamisha utaziona zile nywele za kitambaa zikipita chini ya zambarau. Dola iliyochakaa hadi VF yenye upinde wa mvua huniongezea shaka mara mbili, maana dola iliyopita mikononi mwa watu hugeuka kijivu cha majivu, na weusi kwenye mashimo ya nywele na manyoya. Kijivu hicho ni cha asili na ni kizuri kwa daraja lake. Usikiondoe.

Jeraha lenyewe hutoa ushahidi pia. Mkwaruzo ulioingia kabla ya rangi umegeuka pamoja na uwanja wake. Ulioingia baadaye unang'aa mweupe katikati ya rangi. Sarafu iliyotoka kwenye mifuko ya turubai huwa na ya aina zote mbili, na nikiikuta hivyo huwa natulia.

Sasa namba inabadilika vipi? Rangi changamfu iliyoacha mng'ao upite inaweza kuisukuma MS64 iliyokaribia 65 ikavuka. Rangi nzito iliyozima mng'ao hushusha. Na rangi inaficha, kwa hiyo kagua shavu mara mbili: mara ya kwanza ukitazama rangi, ya pili ukiinamisha mpaka rangi ipotee na ubaki na chuma. Toa daraja kwa hilo la pili. Nunua sarafu kwanza, rangi iwe nyongeza, na usilipe nyongeza kubwa kwa dola isiyo na uthibitisho wa kampuni inayoaminika mpaka utakapokuwa umeshika nyingi kwa mikono yako.

Reale na rupia za kwetu

Nyumba nyingi za pwani zina reale ya Maria Theresa, ile ya mama mnene mwenye shela, ya 1780. Ina gramu 28 na ushee, na fedha yake ni 83.3 kwa 100, pungufu kuliko Morgan. Mwaka 1780 usikudanganye: sarafu hii iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo zaidi ya karne moja baadaye, katika miji mingi, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Unguja hawakutaka nyingine. Wafua fedha waliziyeyusha kwa wingi kuwa vikuku na hirizi, kwa hiyo tafuta alama za kuchomelewa kipete ukingoni. Riali ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ni adimu. Ukiwa nayo isitoke nyumbani bila ushauri wa mjuzi.

Rupia za Wajerumani za Afrika Mashariki zina fedha nyingi nazo zinageuka vizuri. Shilingi za Mwingereza za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha na rangi zake huwa chafu kidogo. Kanuni za taa, mng'ao na mpangilio wa rangi ni zile zile kwa zote.

Kuhifadhi, hasa kwa aliye karibu na bahari

Hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja ina chumvi na unyevu, na wakati wa masika sarafu iliyoachwa wazi hubadilika mbele ya macho. Kila sarafu ipate kibweta chake cha plastiki ngumu cha saizi yake, milimita 38 kwa Morgan, kisha vyote vikae kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vijifuko vya silika, ambavyo utavibadilisha vikishiba unyevu. Kopo liwe mbali na jiko, maana mayai, vitunguu na moshi wa mafuta ya taa vyote vina salfa. Usifunge kwa gazeti. Usifunge kwa mpira wa bendi, ambao una salfa nyingi na huacha mstari mweusi ulionyooka katikati ya uso. Droo ya mbao nayo hutoa mvuke, ikwepe.

Vifuko laini vya PVC, vile vinavyonukia plastiki mpya, ndivyo adui mkubwa. Baada ya muda hutoa ute wa kijani unaonata, na ute huo unakula fedha. Ukiuona, hapo tu ndipo ninapokubali sarafu iogeshwe, na si kwa sabuni. Tafuta asetoni tupu, isiwe ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato. Fungua madirisha, zima moto wote, mimina kwenye bilauri mbili za kioo. Laza sarafu kwenye ya kwanza dakika kadhaa, igeuze, ihamishie ya pili kwa kushika ukingo kwa kibanio cha plastiki au mbao. Usisugue. Asetoni huondoa ute na mafuta lakini haigusi utando wa rangi, kwa hiyo hilali yako itabaki ilivyokuwa. Itoe, isimamishe kwa ukingo juu ya kitambaa cha pamba mpaka ikauke yenyewe, piga picha pande zote mbili, andika tarehe, kisha iingize kwenye kibweta kipya.